Uzi wa tunaosubiri riwaya mpya za vijana: kifurushi kiko njiani au nimepigwa chenga?

MjukuuWaMsamvu (mleta uzi)
Jumatano, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, na kwa miaka sita sasa nahakiki riwaya za vijana. Hainilipi. Nilianza kwa kuandikia kikundi cha WhatsApp cha wazazi wanaonunua madaftari dukani kwangu, maana kila Januari swali lilikuwa lile lile: "Kuna kitabu gani cha kumpa huyu wa kidato cha kwanza, kisicho cha shule?" Nikawa nasoma, naandika aya tatu nne, natuma. Watu wakasambaza. Siku hizi wapo wachapishaji wawili watatu wanaonitumia nakala ya mapitio kabla kitabu hakijaingia madukani.

Sasa kuna riwaya naisubiri tangu masika. Ni sehemu ya pili. Ya kwanza iliishia binti wa miaka 15 amesimama stesheni ya Kilosa usiku, ameshika begi ambalo si lake, na treni imeshaondoka. Basi. Mwandishi akaweka nukta akaenda zake kulala. Jina la kitabu silitaji mpaka nikimalize, msije mkasema nimelipwa.

Nasikia huko kwa wenzetu kitabu kina tarehe ya kutoka. Hapa kwetu kina dalili. Kwanza mwandishi anaweka jalada kwenye status na maneno "Mungu ni mwema". Baada ya hapo mchapishaji anakwambia "kipo kiwandani", na ukiuliza kiwanda kipi unaambiwa India. Kisha "kipo bandarini". Hapo kaa kitako, chemsha chai, maana kitabu kinaweza kukaa bandarini kuliko muda ambao mwandishi alikaa nacho mezani. Mwisho unaambiwa "kimeshatoka, nakutumia kesho", na kesho hiyo haipo kwenye kalenda yoyote niijuayo.

Hii yangu ilipita kote huko. Jumatatu nikapigiwa simu: kifurushi kimepandishwa basi pale stendi ya Mbezi Luis, Dar, namba ya basi hii hapa, simu ya kondakta hii hapa. (Watu siku hizi wanapanda SGR, vifurushi bado vinapanda basi.) Nikafunga duka saa kumi, huyo ofisi ya vifurushi. Boksi lipo, limefungwa kwa kamba ya katani, ubavuni limeandikwa kwa maka: VITABU – MSAMVU. Nikasaini, nikatoa buku tano, nikalitupia begani.

Nimefika dukani, nimelichana kwa wembe. Wakuu, ni vitabu vya risiti. Vitabu hamsini vya risiti vya duka la vifaa vya ujenzi, kaboni ndani, jina la duka juu kwa wino wa bluu.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, na yeye ndiye aliyekuwa anaisubiri kuliko mimi. Alikuwa amesimama pale kaunta na sare zake. Akachukua kimoja, akakifungua katikati, akasema, "Mjomba, sehemu ya pili haina maneno."

Tangu jana simu ya kondakta haipokelewi. Wenzangu mnaohakiki vitabu vya vijana, nyie mnasubiri vipi? Na mkishapokea, mnaanzia wapi?

---

Chenji_Haijatimia
Jumatano, saa 2:31 usiku

Hakiki hivyo hivyo mkuu. Wahusika: Idadi, Bei, na mhusika mkuu Jumla Kuu. Mgogoro: mteja kaomba punguzo. Mandhari: kaunta. Falsafa ya mwandishi: mali ikishauzwa hairudishwi.

Naweka kambi hapa.

---

MwalimuWaBusia
Jumatano, saa 3:05 usiku

Pole sana ndugu. Mimi nafunza Kiswahili upande huu wa Kenya, na nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini.

Kwetu riwaya mpya ya vijana husubiriwa kwa swali moja tu: itakuwa teule ama haitakuwa? Ikipita KICD, taasisi yetu ya mitaala, na ikaingia kwenye orodha ya shule, ina maisha. Isipopita, utaiona Septemba pale Sarit kwenye maonyesho ya vitabu ya Nairobi, imepangwa vizuri mezani, halafu basi. Na ikiteuliwa ndiyo mateso mengine yanaanza. Mwongozo unatoka kabla wino wa riwaya haujakauka! Nimewahi kuingia darasani na riwaya mpya kabisa, nikakuta wasichana watatu tayari wananiambia "maudhui ni utabaka na ufisadi" na hawajafungua hata ukurasa wa kwanza.

Nashukuru angalau Tuzo ya Jomo Kenyatta ina kitengo cha vijana, cha Kiingereza na cha Kiswahili pia. Tuzo yenyewe ilianza kutolewa 1974, na hutolewa kila baada ya miaka miwili. Mimi hutumia orodha yake ya walioteuliwa kama ratiba ya kusubiri. Jina likitokea pale naanza kusumbua wauza vitabu mjini. Jibu lao ni lile lile: "Mwalimu, hicho si cha silabasi, nikikileta kitanikalia." Nawaelewa. Tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, na muuzaji hawezi kuweka pesa yake kwa kitabu ambacho mnunuzi wake ni mimi peke yangu.

Kwa hivyo wewe unayetumiwa na basi, hata kama ni risiti, una bahati.

---

Mpinga_Bure
Jumatano, saa 3:40 usiku

Samahanini nitaharibu sherehe. Mleta uzi anapewa kitabu bure, halafu anatuambia ni kizuri, sisi tunanunua. Hiyo mtaani ina jina lake. Mdomo uliolishwa hautukani jiko. Lini mara ya mwisho umesema kitabu ulichopewa ni kibovu?

---

MjukuuWaMsamvu
Jumatano, saa 4:15 usiku

@Mpinga_Bure umenishika pabaya, na sitakwepa.

Mwaka wangu wa pili nilitumiwa riwaya ya vijana na mwandishi mwenyewe kutoka kusini. Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu kimoja na korosho kilo mbili. Zimebanguliwa, nyeupe, nzima nzima. Nikakisoma huku natafuna. Nikaandika kwamba ni "riwaya inayoongea lugha ya vijana wetu". Nakumbuka maneno kwa sababu miezi miwili baadaye alikuja mama mmoja dukani amekishika. Alikuwa amemnunulia mwanawe kwa ajili ya yale maneno yangu. Hakugomba. Alikifungua pale kaunta, wateja wapo, akaanza kusoma kwa sauti. Mvulana wa miaka 16 anamwambia rafiki yake baada ya mpira: "Ewe mwenzangu, yatupasa tutafakari kwa kina mustakabali wa maisha yetu." Akasoma na jibu la huyo rafiki, ambalo lilikuwa refu zaidi. Halafu akaniuliza, "Hiyo ndiyo lugha ya vijana wetu? Wa wapi?"

Nilimrudishia hela. Tangu siku hiyo nikipokea kitabu naandika mwanzoni kabisa mwa hakiki yangu kwamba nimepewa. Na sipokei kitu kingine ndani ya boksi. Korosho nanunua mwenyewe.

Kusema kibovu nasema. Mwaka jana nimesema mara tatu, na mchapishaji mmoja hajanitumia tena. Sawa tu.

---

Mbeba_Vitabu_Ohio
Alhamisi, saa 11:20 alfajiri (kwenu)

Nawasalimu kutoka Ohio. Mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi maktaba ya umma, chumba cha vijana. Niwape picha ya huku, maana mleta uzi amesema kwa wenzetu kitabu kina tarehe. Ni kweli, na mara nyingi tarehe yenyewe ni Jumanne. Riwaya nyingi huku hutoka Jumanne, kiasi kwamba vijana wetu wanajua siku ya kuja kutusumbua.

Nakala za mapitio zinakuja miezi mitatu mpaka sita kabla. Zina jalada jepesi, na juu yake imeandikwa kwamba haijasahihishwa na haiuzwi. Unakatazwa kunukuu sentensi bila kuilinganisha na kitabu chenyewe kikitoka. Nimewahi kuhakiki riwaya nikasifu mbwa mmoja ndani yake, kitabu kilipotoka mbwa kafutwa. Nikaonekana mwendawazimu.

Siku hizi nyingi ni za kidijitali. Kuna NetGalley, ipo tangu 2008. Unaomba, mchapishaji anaangalia wewe ni nani, anakubali au anakataa. Na kuna asilimia inakufuata kama deni: katika vitabu ulivyopewa, vingapi umeviandikia. Wanapendekeza isishuke chini ya 80. Mimi nilipoanza niliomba kila kitu chenye jalada la kuvutia, kama mtoto kwenye duka la peremende. Asilimia yangu ikaanguka mpaka naona haya. Ilibidi nisome riwaya tisa za majoka mfululizo kujiokoa. Sasa hivi nikiona joka kwenye jalada napata kizunguzungu.

@Mpinga_Bure, huku kusema umepewa bure si hisani. Sheria za biashara zinakutaka utaje.

Ila msitamani sana. Mchapishaji wa Marekani mara nyingi ana haki ya kuuza Amerika Kaskazini tu. Mhakiki aliyeko Morogoro akiomba, anakataliwa kwa sababu ya nchi aliyoko, hata kama kisa chenyewe kimetungwa kwa hadithi za Afrika. Rafiki yangu wa Dodoma ameshakataliwa mara nyingi mpaka ameacha kuomba.

Kitu kimoja ninachokipenda: chama cha wakutubi wa vijana, YALSA, kina orodha ya kila mwaka ambayo kura wanapiga vijana wenyewe. Watu wazima tunakaa pembeni. Na mara nyingi wanachokichagua si kile tulichokuwa tunakingojea sisi.

---

BiMkubwa_Ngambo
Alhamisi, saa 1:45 asubuhi

Assalaam aleikum. Mie nimestaafu, nilikuwa maktaba hapa Unguja miaka mingi. Kijana wa Msamvu, nikuulize mwanangu: kikija hicho kitabu nani atakisoma mwanzo, wewe au huyo binti?

Mpe yeye. Wala usimuulize kizuri au kibaya, atakwambia kizuri akuridhishe. Wewe mtazame vidole. Mtoto akipendezwa, kidole cha kulia kishakamata ncha ya ukurasa hajamaliza kuusoma. Akichoka, mkono unashuka unaanza kuchezea ushungi. Uandike namba ya ukurasa ule. Hiyo ndiyo hakiki, mengine ni maneno yenu.

---

MzeeWaPrufu
Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Bi Mkubwa amenena.

Mimi nimesoma prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, kwa zaidi ya miaka ishirini, Dar es Salaam. Mleta uzi, kuhusu kuchelewa usimlaumu mchapishaji peke yake. Kitabu cha vijana kina watu wengi wanaokivuta shati. Mhariri anataka lugha isafishwe. Mtu wa mauzo anauliza kama kinaweza kupata ithibati ya kutumika shuleni, kwa hiyo ule ukurasa ambao kijana na binti wanashikana mikono unajadiliwa kwenye kikao, nami nimekaa kwenye kikao hicho, saa nzima, watu wazima saba tunajadili mikono. Mchoraji jalada anachelewa. Kisha inasubiriwa oda ifike idadi ya maana, kwa sababu kuchapa nakala mia tano bei ya kimoja inakuwa kubwa mno, na ndiyo maana watu wanapeleka nje wachapishe nyingi kwa mpigo.

Tangu 2023 kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inatolewa kila tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Imeamsha watu. Miswada inakuja mingi kuliko zamani. Ila mswada kuamka na kitabu kufika Msamvu ni safari mbili tofauti.

---

Chenji_Haijatimia
Ijumaa, saa 6:12 mchana

Mleta uzi uko wapi? Tuna njaa huku. Risiti zimepata mwenyewe?

---

MjukuuWaMsamvu
Jumamosi, saa 1:20 usiku

KIMEFIKA. Subirini niwasimulie.

Leo asubuhi nafungua duka, pikipiki ikasimama nje. Kashuka baba mmoja wa makamo, shati lina vumbi la saruji mpaka kwenye kola. Kabeba boksi, kamba ya katani ile ile. Ndiye mwenye vitabu vya risiti. Amekaa siku nne anaandikia wateja risiti kwenye karatasi za daftari la mwanawe.

Tukabadilishana maboksi pale kaunta, tukacheka. Mimi nadhani yameisha, yeye haondoki. Anahesabu vitabu vyake taratibu, mara mbili. Mwishowe akasema, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Samahani ndugu. Lile begi la yule binti, ni la nani?"

Alikuwa amefika ukurasa wa 40. Alifungua boksi akitafuta risiti, akakuta riwaya juu kabisa, akawa anasoma usiku akishafunga mahesabu. Sehemu ya kwanza haijui kabisa, ilibidi nimsimulie tangu Kilosa. Kasimama na helmeti mkononi nusu saa. Mteja kaja kutoa kopi kitambulisho, kaambiwa subiri kidogo.

Basi. Boksi lina hiyo riwaya nakala moja, na vitabu vingine vinne vya watoto wadogo ambavyo sikuviomba. Nilitoa magazeti yaliyojazwa pembeni, nikakishika. Gundi bado ina harufu kali, ile ya kulevya kidogo. Mgongo mgumu, haujawahi kufunguliwa (zaidi ya na mtu wa saruji, ambaye aliweka kipande cha mfuko wa saruji kama alama, ukurasa wa 40). Nyuma ya jalada wameandika maelezo marefu yanayofichua nusu ya kisa. Wachapishaji, nawaomba, acheni hii tabia. Mtu amesubiri tangu masika, halafu unamwambia mwisho kabla hajalipa.

Nimefuata ushauri wa Bi Mkubwa. Nimempa mpwa wangu kwanza. Nimeumia, sitadanganya. Mwaka mzima nasubiri kitu, halafu kinaondoka kwenye mikono yangu baada ya dakika kumi. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya mashine ya kopi tangu saa nane. Vidole naviona kutoka hapa. Ncha ya ukurasa imeshikwa muda wote.

---

MwalimuWaBusia
Jumamosi, saa 1:38 usiku

Mtu wa saruji amenimaliza! Huyo ndiye mhakiki. Tafadhali mwulize ana maoni gani kuhusu dhamira.

---

Mpinga_Bure
Jumamosi, saa 2:02 usiku

Nakiri, mtu wa saruji hakuhongwa.

---

MjukuuWaMsamvu
Jumapili, saa 12:50 jioni

Wakuu, kuna jambo. Jana usiku vidole vilisimama. Nikajua, ndiyo hapo, nikachukua kalamu niandike ukurasa. Kumbe hajachoka, amekunja uso. Anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi tena. Nikamwacha. Akaendelea kusoma.

Leo mchana ndiyo ananiambia: "Mjomba, huyu mwandishi ni mjanja. Ukurasa wa 80 binti anaficha begi chini ya kaunta ya mama muuza chai. Ukifunua, ukurasa unaofuata ni 65, yote yanajirudia neno kwa neno. Nikajua anaota. Yaani ile siku inamrudia kichwani, hawezi kutoka. Halafu ghafla ni 97, yuko Dodoma, begi ni tupu."

Nimekichukua nikaangalia. 65 mpaka 80 zipo mara mbili. 81 mpaka 96 hazipo.

Nilikuwa karibu niandike kwamba mwandishi ametumia mbinu ya kurudia matukio kuonyesha kiwewe. Wallahi sentensi ilishakuja kichwani.

---

MzeeWaPrufu
Jumapili, saa 1:15 usiku

Hahaha! Mbinu hiyo jina lake ni usingizi, na aliyeitumia ni mtu wa kiwandani.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inachapwa kurasa 8 upande huu, 8 upande ule, inakunjwa, unapata fungu la kurasa 16. La kwanza ni 1 mpaka 16, la pili 17 mpaka 32, hesabu mwenyewe: la tano ni 65 mpaka 80, la sita 81 mpaka 96. Mpangaji wa mafungu amechota fungu la tano mara mbili, la sita akaliacha kwenye rafu. Mgongoni mwa kila fungu huwa kunapigwa alama ndogo nyeusi, kila moja imeshuka kidogo kuliko mwenzake, ili yakipangwa sawasawa zionekane kama ngazi. Ukiona ngazi imeruka, unatoa. Ukishapaka gundi na kuvisha jalada, hakuna tena wa kuona mpaka msomaji.

Mpigie mchapishaji leo leo. Kama ni yako peke yake, ni bahati mbaya. Kama ni kasha zima, anahitaji kujua kabla hajasambaza.

---

Mbeba_Vitabu_Ohio
Jumapili, saa 2:40 usiku

Na usiandike hakiki kwa nakala hiyo, tafadhali. Kumbuka mbwa wangu.

---

MjukuuWaMsamvu
Alhamisi, saa 3:05 usiku

Mrejesho.

Mchapishaji nilimpigia Jumatatu. Alishukuru kwelikweli, akaenda stoo, akafungua maboksi. Kasoro iko kwenye nakala chache za boksi moja, nyingine salama. Jumanne akanitumia zile kurasa 16 kwa WhatsApp, PDF, na akaahidi nakala nzima kwa basi. Akauliza hakiki itatoka lini.

Nikamwambia mpwa wangu, kurasa zako zimepatikana, lete kitabu tuzipachike, nakutolea kopi sasa hivi. Hana kitabu. Kiko shuleni. Kiko kwa mtu wa dawati la nyuma, akitoka huyo kinakwenda kwa wa Mkondo B, foleni ina wasichana kumi na mmoja na wavulana wawili ambao wanasema hawasomi mambo ya wasichana ila waandikwe jina.

Nikasema basi nikutolee kopi, uwapelekee kurasa.

"Hapana mjomba. Subiri mpaka Ijumaa."

Kumbe wana utaratibu. Kila anayemaliza ukurasa wa 80 anafunga kitabu, na mapumziko ya saa nne anawasimulia wenzake kilichotokea mpaka 97. Hairuhusiwi kuandika, unasimulia. Mmoja amesema mama muuza chai ndiye mwenye begi tangu mwanzo, alikuwa anampima binti. Mwingine amesema ndani ya begi kuna vyeti vya watu, vya kidato cha nne, vya kughushi, na binti anavichoma kimoja kimoja kwenye jiko la chai. Wa tatu alianza vizuri akaleta jini, akazomewa, akaambiwa arudie kesho. Mpwa wangu yake hajanisimulia. Anasema mimi siko kwenye foleni.

@BiMkubwa_Ngambo, shikamoo. Vidole vya mmoja nilikuwa naviona. Vya watoto kumi na watatu sijui nivione vipi.

---

BiMkubwa_Ngambo
Alhamisi, saa 3:30 usiku

Marahaba mwanangu. Usende shuleni kuchungulia. Waache.

---

Chenji_Haijatimia
Ijumaa, saa 2:00 asubuhi

Jini lirudishwe. Natetea jini.

---

Mpinga_Bure
Ijumaa, saa 4:10 asubuhi

Na mchapishaji anayesubiri hakiki umemwambia nini?

---

MjukuuWaMsamvu
Ijumaa, saa 11:45 jioni

Nimemwambia ukweli, kwamba kitabu kiko kwa wahakiki.

Mtu wa saruji amepita jioni hii. Alikuja kununua kalamu moja, ya shilingi mia tano, akiwa na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Nikamweleza habari ya kurasa. Akavua helmeti, akaegemea kaunta. Akasema yeye alishawaza tangu ukurasa wa 40: lile begi ni la mtu aliyebaki kwenye treni, na huyo mtu atarudi na treni ya kesho yake kulifuata, kwa hiyo binti ilimpasa asiondoke stesheni. Akasema angekuwa mwanawe angemwambia kaa hapo hapo, usiku mmoja tu.

Nikamwambia ninazo kurasa zenyewe kwenye simu, tufungue tuone. Akaangalia simu, akaangalia nje, pikipiki yake. "Watoto wamemaliza?" Nikamwambia bado wawili. Akalipa kalamu yake akaondoka.